Jarida dogo la muziki si mahali pa kupotezea wakati

Miongoni mwa kazi zinazodharauliwa na wazazi, na hata na baadhi yetu walimu, ni ile ya kijana kujitolea kuandika bila malipo katika jarida dogo la muziki. Husemwa kuwa kijana wa namna hiyo amekosa la kufanya; kwamba muziki ni anasa, na kuuandikia ni anasa juu ya anasa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka kadhaa sasa Jumamosi zangu nimezitoa kwa jarida la aina hiyo, litokalo mara nne kwa mwaka katika mji wetu. Kazi yangu ni kusahihisha makala ya vijana kabla hayajapelekwa kwa mchapaji. Kwa niliyoyaona huko, nathubutu kusema kuwa dharau hiyo haina msingi.

Jarida lenyewe halina mali. Ofisi yake ni chumba kimoja cha kukodi, na fedha za matangazo ya maduka machache huishia kwenye kodi, karatasi na wino. Mhariri halipwi, mpiga picha halipwi, wala mimi silipwi. Hata hivyo, kijana anayeingia humo akidhani kuwa atasikiliza nyimbo na kuwasifu waimbaji awapendao, hutambua upesi kwamba ameingia darasani. Jina la mpiga gitaa huyu linaendelezwaje? Wimbo ulirekodiwa mwaka gani? Nani amekuambia? Je, umemwuliza mtu wa pili?

Nitatoa mfano mmoja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alitumwa kumhoji mpiga gitaa mzee aliyewahi kurekodi santuri Nairobi. Alipomwuliza ni mwaka gani, mzee alimjibu, "Mjukuu wangu, ilikuwa kabla ya mafuriko ya Uhuru." Ilimbidi kijana arejee vitabu vya historia ndipo ajue kuwa mafuriko hayo yalikuwa ya mwaka wa 1961. Kisha mzee akaitoa santuri yenyewe. Chini ya jina la wimbo, mahali pachapwapo jina la mtunzi, palikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Mzee alishikilia kuwa utunzi ni wake, na kwamba siku ya kurekodi alipewa fedha kidogo akaambiwa aende zake.

Kijana alitaka kuandika papo hapo kwamba mzee aliibiwa. Mhariri alimzuia, akamtuma kwa wazee wawili waliokuwa katika bendi moja na yule wa kwanza. Mmoja aliunga mkono maneno ya mwenzake. Wa pili alisema hakumbuki. Jarida likachapa yote: dai la mzee, kauli za wenzake, na jina lililoko kwenye santuri. Sijui ni mtihani gani wa insha ambao ungemfundisha mwanafunzi yule, kwa muda wa siku tatu, tofauti iliyopo baina ya kuhurumia na kuthibitisha.

Huenda msomaji akauliza: jina la mtunzi lina uzito gani hata tulihangaikie hivyo? Lina uzito wa riziki. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, haki ya utunzi wa muziki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo mjukuu ambaye hajazaliwa anaweza kunufaika, au kunyimwa, kwa sababu ya jina moja lililoandikwa au lililoachwa. Tuchukue wimbo "Malaika", ulioimbwa na Miriam Makeba na kundi la Boney M. ukaenea ulimwenguni. Fadhili William ndiye aliyevuma kwa kuurekodi, lakini Adam Salim wa Tanzania naye ametajwa kuwa ndiye mtunzi, na ubishi ungalipo. Lau angalikuwapo kijana mwenye daftari wakati wimbo ule ulipokuwa mpya, akawauliza wahusika na kuyaandika majibu yao, pengine leo tungalikuwa na ushahidi badala ya ubishi.

Wakati nao hausubiri. Fundi Konde alifariki mwaka wa 2000. Fadhili William na Daudi Kabaka wakamfuata mwaka wa 2001. Shaaban Robert alilitambua jambo hili mapema. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi santuri, na aliyeaga dunia mwaka wa 1950. Ikiwa bingwa huyo hakuona kuwa kalamu yake imeshuka hadhi kwa kusimulia maisha ya mwimbaji, sisi ni nani hata tuone haya?

Wala kazi ya vijana wachache haifi bure. Mjini Chicago, Marekani, mwaka wa 1970, vijana waliopenda muziki wa bluzi walianzisha jarida waliloliita Living Blues, wakawa wanawahoji wanamuziki Weusi ambao wakati huo wengi wao hawakuandikwa popote. Mwaka wa 1983 jarida hilo lilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, na mahojiano yale yakawa hazina ya watafiti.

Hata hivyo, sitaki nieleweke kuwa natetea kila mwenye kuwatumikisha vijana akiita hilo kujitolea. Mzazi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, huyo mhariri anampa mwanangu nini?" Swali lake ni la haki. Jarida likianza kuleta faida, anayeandika naye apate sehemu yake. Kinyume cha hayo ni kumfanyia kijana yale yale aliyofanyiwa mzee wa santuri. Hata kabla ya faida, apewe nauli, na jina lake lichapwe juu ya makala yake. Asipokee kitu kutoka kwa mwanamuziki ili amsifu, kwani sifa iliyonunuliwa si habari. Na kazi hiyo isile saa zake za masomo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, unayathamini mafunzo yatokanayo na huduma kwa jamii. Basi walimu wenzangu, mwanafunzi akija kuwaomba ruhusa ya kwenda kumhoji mpiga zeze wa kijijini kwao, msimwambie akasome. Msaidieni kuandaa maswali. Nawe mwanafunzi, ikiwa hakuna jarida mjini kwenu, anza na babu au nyanya yako: andika jina la wimbo, la mtunzi, la kila aliyepiga ala, na mwaka. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na nyimbo zetu ni mali.