Uvumi Una Mwendo Gani? Habari Zinavyofika Bariadi

Tuseme kwamba saa moja asubuhi ujumbe unaingia katika simu ya mtu mmoja mjini Bariadi. Ujumbe unasema kuwa bei ya pamba imeanguka na kwamba wanunuzi wote wataondoka kesho. Hauna jina la aliyeuandika, umejaa herufi kubwa, na mwishoni unamsihi anayeusoma awapelekee wenzake kabla hawajachelewa. Mtu huyo anawapelekea watano. Baada ya dakika 20 kila mmoja wa hao watano naye anawapelekea watano wengine, na mambo yanaendelea hivyo hivyo.

Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi. Hatua ya kwanza ina watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, na ya tisa 1,953,125. Ukijumlisha hatua zote tisa utapata watu 2,441,405. Sasa linganisha: katika Sensa ya mwaka 2022 Mkoa mzima wa Simiyu, yaani Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, ulihesabiwa kuwa na watu 2,140,497. Hatua tisa za dakika 20 ni saa tatu. Kwa hiyo, kwa hesabu ya karatasi, saa nne asubuhi wanafunzi wanapotoka darasani kwa mapumziko, hapana mtu mkoani, hata mtoto mchanga, ambaye hajapata habari hiyo ya pamba, na pengine ni uongo mtupu.

Hapana shaka msomaji ameona kasoro ya hesabu hii. Watu wa mji mmoja hujuana, na aghalabu wale watano wa Juma ndio wale wale watano wa Masanja. Tena si kila mtu ana simu. Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni kwamba tumemchukulia kila anayepokea kuwa atapeleka. Wako wanaosoma na kunyamaza, na hao wasiopeleka ndio ninaotaka kuwazungumzia katika makala hii, kwa maana kazi yao ni kubwa kuliko wanavyodhani.

Kwanza, hata hivyo, yafaa tutazame njia yenyewe ambayo habari hupitia. Kutoka Dar es Salaam hadi Bariadi ni zaidi ya kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali huo huyachukua kiasi cha sehemu tatu za elfu za sekunde. Ndivyo ilivyo leo, na ndivyo ilivyokuwa mwaka 1951, idhaa ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza. Wapo wanaosema kwamba siku hizi habari zina mbio kuliko zamani. Mawimbi hayakuongeza mwendo hata kidogo.

Wazee wetu waliokuwa na redio za mbao wanakumbuka jambo moja la ajabu: stesheni ambazo hazikusikika mchana zilisikika vizuri usiku. Sababu yake iko juu angani. Mwanga wa jua hung'oa chembe za umeme katika hewa nyembamba ya juu na kufanya matabaka yenye umeme. Tabaka la chini humeza mawimbi ya masafa ya kati wakati wa mchana. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na mawimbi hupanda hadi kwenye matabaka ya juu zaidi, yakagonga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali. Mawimbi ya masafa mafupi huweza kurudishwa hata mchana, na ndiyo maana yalitegemewa sana katika nchi kubwa kama yetu. Mawimbi ya FM, na yale ya simu za mkononi, hayana msaada huo. Hayo huenda karibu na mstari ulionyooka mpaka ardhi iliyopinda iyakatishe. Mnara wenye urefu wa mita 100 katika nchi tambarare huona upeo wa kilomita 36 hivi. (Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi kazi hii kwa kanuni ya Pythagoras, wakichukua nusu kipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,400.) Ndiyo sababu minara imejipanga kando ya barabara ya Lamadi na Maswa, mmoja ukimkabidhi msafiri kwa mwingine.

Ikiwa mwendo wa mawimbi ni ule ule, ni kitu gani basi kilichobadilika? Kimebadilika kitu kilicho katikati ya mawimbi na masikio. Mwaka 1973 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini walishiriki, na hawakusikiliza kila mtu peke yake. Walikaa katika vikundi chini ya kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba zao. Neno lilitoka Dar es Salaam kwa sehemu tatu za elfu za sekunde, lakini kabla halijawa tendo lilikawia saa nzima au zaidi katikati ya majirani, likiulizwa maswali.

Sipendi kuzisifu siku hizo kupita kiasi. Sauti moja inayosema na taifa zima nayo yaweza kukosea, na mkulima wa Nkololo aliyeona kosa hakuwa na njia ya kuijibu redio. Siku hizi anaweza kujibu, tena kwa picha. Hilo ni jema. Lakini ile saa moja ya maswali imetoweka, na kila mwenye simu amekuwa mtangazaji, mhariri na mpeleka barua kwa wakati mmoja, bila kufundishwa hata moja ya kazi hizo.

Mimi mwenyewe si msafi katika jambo hili. Msimu mmoja wa mvua nilipokea picha ya barabara iliyokatwa na maji, nikaambiwa kuwa ni barabara ya Lamadi. Nikaipeleka kwa jamaa zangu wote waliokuwa safarini. Baada ya siku mbili kijana mmoja akanionyesha kibao kilichokuwa pembeni mwa picha. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi ambazo si za Kiswahili wala Kiingereza.

Wako wanaodhani kuwa kudanganyika namna hii ni ugonjwa wa watu wasiosoma. Mwaka 2018 wataalamu watatu wa Marekani, Vosoughi, Roy na Aral, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa na watu wapatao milioni tatu katika mtandao wa Twitter, tangu 2006 hadi 2017. Waliona kuwa habari za uongo zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kusambazwa kuliko za kweli, kwa asilimia 70. Kweli ilichukua muda kama mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Tena walipoziondoa katika hesabu programu zinazosambaza habari zenyewe bila mtu, tofauti ilibaki ile ile. Waliokuwa wakiukimbiza uongo ni binadamu. Uongo una faida moja ambayo kweli haina: waweza kutengenezwa uwe mpya na wa kushangaza kadiri mtungaji apendavyo.

Zamani kidogo, mwaka 1947, wanasaikolojia Gordon Allport na Leo Postman walijaribu kuupa uvumi kanuni. Walisema kuwa nguvu ya uvumi hufuata uzito wa jambo ukizidishwa kwa utata wake. Zingatia neno "kuzidishwa". Kama jambo ni zito lakini liko wazi, utata ni sifuri, na chochote ukizidisha kwa sifuri ni sifuri. Kama jambo ni la utata lakini halimgusi mtu, nalo ni hivyo hivyo. Uvumi hupata nguvu pale tu jambo linapokuwa zito na giza likalizunguka. Tuliona hivyo mwaka 2020. Zilitolewa taarifa za wagonjwa 509 wa korona na vifo 21, kisha takwimu zikakoma kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ugonjwa haukupungua uzito, ila utata uliongezeka, na kila mwenye simu anakumbuka jinsi ilivyojaa dawa na vifo vya kubuni.

Katika Mkoa wa Simiyu kanuni hii haikuhitaji simu ili ifanye madhara. Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha uchunguzi juu ya Wilaya ya Meatu, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 imo katika Simiyu. Aliangalia mvua na mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi. Aliona kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji hayo yalikuwa mara mbili ya yale ya miaka mingine, wakati mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka kwa namna hiyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na aghalabu mikono iliyowaua ilikuwa ya jamaa zao.

Itazame habari hii kwa kanuni ya Allport na Postman. Mvua ikikosekana, chakula hukosekana, na hapana jambo zito kuliko hilo. Sababu ya mvua kukosekana haionekani kwa macho. Uzito ni mkubwa na utata ni mkubwa. Hapo mtu mmoja anasema neno juu ya bibi fulani mwenye macho mekundu, na neno linashika.

Basi tuyachukue yale mawili yenye utata tuone sayansi inayajua kwa kiasi gani. Kwanza macho. Mwanamke aliyepika kwa miaka 50 katika nyumba isiyo na dirisha, akitumia kuni, mabua ya pamba au samadi kavu, amekaa katika moshi kwa maelfu ya saa, na moshi huo huunguza ngozi laini ya jicho siku baada ya siku. Kuna pia trakoma, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na nzi, mikono na vitambaa, ambao huacha makovu ndani ya kope hata kope zikageukia ndani na kulikwaruza jicho. Wanawake huugua zaidi kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wadogo, ambao hubeba vimelea hivyo kwa wingi. Kwa hiyo macho mekundu ya bibi ni kumbukumbu ya wali na ugali aliowapikia watu wa nyumba yake, pamoja na wajukuu aliowalea. Jiko lenye bomba la moshi na maji ya kunawia uso ndiyo dawa ya kukinga.

Pili mvua. Mvua za vuli katika kanda ya Ziwa hufuata joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, yaliyo mbali kabisa na kijiji chochote cha Meatu. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yakiwa ya joto kuliko kawaida, vuli huelekea kuwa kubwa. Yakiwa baridi, huelekea kuwa haba. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima mambo haya na kutoa utabiri kabla ya msimu. Utabiri hauleti mvua, na mara nyingine hukosea. Lakini mwalimu anayeubandika ubaoni mwezi Septemba na kuueleza kwa Kiswahili au Kisukuma amepunguza utata kabla giza halijaingia, na kwa kanuni ile ile amepunguza nguvu ya uvumi ambao bado haujazaliwa.

Turudi sasa kwa ule ujumbe wa pamba. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza hutuambia kuwa surua huendelea maadamu kila mgonjwa, kwa wastani, anamwambukiza zaidi ya mtu mmoja. Wastani ukishuka chini ya mmoja, ugonjwa hufifia wenyewe. Ni vivyo hivyo kwa ujumbe. Kama kila apelekaye huwapelekea watu watano, ujumbe utaishi ikiwa zaidi ya mmoja kati ya hao watano ataupeleka mbele. Katika darasa la wanafunzi 40, wakiupeleka 10 unakua, na wakiupeleka 6 unakufa. Tofauti ni wanafunzi wanne tu. Kampuni ya WhatsApp ilitumia hesabu ya namna hii Januari 2019 ilipoweka mpaka wa kupeleka ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, na tena Aprili 2020 ilipoagiza kuwa ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi upelekwe kwa mmoja tu. Baada ya hapo ilitangaza kuwa usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70.

Shule inayotaka kuuona uvumi kwa macho yake yaweza kufanya jaribio lifuatalo katika kipindi kimoja. Mwalimu aandike habari fupi yenye mambo 20 yanayohesabika: majina ya vijiji, bei, tarehe, idadi ya magunia. Wanafunzi saba watoke nje. Wa kwanza aingie asomewe habari mara moja, kisha amsimulie wa pili bila karatasi, wa pili amsimulie wa tatu, hadi wa saba. Darasa lililobaki likae kimya na kuweka alama kila jambo linapoanguka njiani, na alama nyingine kila jambo jipya linapozaliwa. Allport na Postman waliona kuwa baada ya hatua tano au sita, asilimia 70 hivi ya mambo hupotea. Baada ya hapo jaribio lirudiwe, safari hii kila msikilizaji akiruhusiwa kumwuliza msimulizi maswali mawili kabla ya kupokea zamu yake. Matokeo ya mara ya kwanza na ya mara ya pili yachorwe katika grafu moja.