Kidole gumba chahukumu ubongo wa mtoto

Muthetheni si mahali panapojulikana sana na watu wa Pwani. Ni katika nchi kavu ya Ukambani, sehemu za Mwala katika Machakos, jirani na Wamunyu. Lakini yeyote aliyewahi kununua twiga wa mti pale Changamwe amekwisha kushika kazi ya mikono ya watu wa sehemu hizo. Ufundi wa kuchonga vinyago vya kuuza ulianzishwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wakaunda ushirika wao Mombasa. Mimi nilikwenda Muthetheni kumzuru mzee mmoja niliyejuana naye Changamwe miaka hiyo ya kazi. Amestaafu na kurejea kwao, ingawa tezo hajaiweka chini.

Nilimkuta ana jambo moyoni. Mjukuu wake, kijana wa gredi ya 9, alikuwa amerudi nyumbani na karatasi.

"Maalim," akaniambia, maana hivyo ndivyo aniitavyo tangu zamani, "hebu nisomee hii polepole. Wanasema mtoto huyu ana ubongo wa kulia. Wa kushoto umekwenda wapi?"

Karatasi yenyewe ilikuwa ya maswali kama ishirini, iliyoletwa na mgeni mmoja aliyekuja kuzungumza na watoto juu ya kuchagua masomo. Ukifumbata vidole vya mikono miwili pamoja, kidole gumba kipi kinakaa juu? Ukisimuliwa hadithi, unaona picha au unasikia maneno? Je, hupenda kupanga vitu vyako? Alama zikajumlishwa, na chini yake hukumu: mwanafunzi huyu ni wa ubongo wa kulia, mwenye ubunifu na ndoto, hisabati na sayansi zitamlemea. Apelekwe Sanaa na Michezo.

Hilo si la kucheka. Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi wa Kenya akimaliza gredi ya 9 huingia katika mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi na Teknolojia pamoja na Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Atakalolichagua mtoto ndilo litakalomshughulisha miaka mitatu, na milango ya baadaye hufuata mlango ule. Kijana yule alikuwa akitaka fizikia. Mzee wala haichukii sanaa, kwani ndiyo iliyomlisha yeye na kuwasomesha watoto wake. Kilichomchoma ni kwamba mtu asiyemjua mjukuu wake amemfungia mlango kwa kidole gumba.

Basi nikawaambia wote waliokuwapo wafumbate vidole. Mzee, gumba la kushoto juu. Mkewe, la kulia. Mimi la kushoto, nami nimefundisha hesabu miaka mingi. Tukacheka. Nikafikiri, ikiwa mikono ndiyo kipimo, basi sisi tunaofunga mikono katika sala, wa kulia juu ya wa kushoto, msikiti mzima ungekuwa wa ubongo mmoja, imamu na maamuma wake!

Lakini uongo huu una mzizi wa kweli, na ndiyo maana unawapata hata walimu wazuri. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alipasua ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila neno moja, "tan". Akakuta dhara upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo imethibitika kwamba kwa watu wengi usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto. Ndivyo walivyo karibu wote watumiao mkono wa kulia, na hata wa mashoto, kiasi cha saba katika kumi.

Miaka mia moja baadaye, katika miaka ya 1960, Roger Sperry na wenzake huko California waliwachunguza wagonjwa wachache wa kifafa kikali. Madaktari walikuwa wamewakata lile daraja la nyuzi, kama milioni 200, linalounganisha nusu mbili za ubongo, ili kifafa kisivuke. Mgonjwa akionyeshwa picha ya kitu upande wa kushoto wa macho yake, alisema hakuona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto ukipapasa nyuma ya pazia ulikitoa kitu kile kile! Kwa kazi hiyo Sperry alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ndipo wauza vitabu na waendesha semina walipoingia. Waliyasahau maneno mawili: "wagonjwa" na "kukatwa". Kutoka kwa watu wachache waliokatwa daraja wakaruka hadi kwa mamilioni ambao daraja lao ni zima, wakawagawa makundi mawili: huyu wa kushoto, mtu wa hesabu na mantiki, huyu wa kulia, mtu wa picha na nyimbo. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichunguza picha za ubongo wa watu 1,011, wa umri wa miaka 7 hadi 29. Waliona kazi fulani zikielemea upande huu na nyingine upande ule, lakini hawakumwona mtu ambaye upande mmoja mzima umemtawala. Na bado, mwaka mmoja kabla ya hapo, walimu wa Uingereza na Uholanzi walipoulizwa, zaidi ya wanane katika kila kumi waliamini kwamba tofauti za wanafunzi zaweza kuelezwa kwa ubongo wa kushoto na wa kulia. Kwa hiyo tusimcheke mwalimu wa Muthetheni.

Sisi wa Pwani tungeweza kulijua hili bila ya mashine. Mtoto wetu asubuhi yuko chuoni, kidole chakwenda kutoka kulia kuelekea kushoto, alifu, bee, tee. Mchana yuko skuli, kidole kile kile chatoka kushoto kwenda kulia. Jioni anahesabu chenji ya dukani na kuimba kasida za maulidi. Habadilishi kichwa njiani. Na yule wa mashoto, ambaye maalimu alimzuia kula kwa mkono huo, alikuwa akifundishwa adabu. Ubongo wake haukuguswa na mtu.

Nilipomweleza mzee hayo akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia: "Hawa wanaopima bongo, si ndio wale wale wa zamani?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1930, Nairobi hii hii, Dokta H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu hospitali ya Mathari, alishika msimamo kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili, na kwamba elimu ya Kizungu yaweza hata kumtia wazimu. Mwenzake F. W. Vint, wa maabara ya serikali, alipima bongo 100 za maiti za wanaume wa Kiafrika. Akaandika kwamba uzito wake wa wastani ni gramu 1,276, pungufu kwa asilimia 10.6 kuliko wa Wazungu, na kwamba akili ya mtu mzima wa hapa imesimama pale ilipo ya mtoto wa Kizungu wa miaka saba au minane. Njaa, maradhi na ukubwa wa kiwiliwili havikuwekwa katika mizani kama ilivyostahili. Wala uzito wa ubongo si kipimo cha akili ya mtu. Mwaka 1933 kikaundwa chama cha kuchunguza "uboreshaji wa jamii za watu" nchini Kenya, na fedha zikaombwa London. Hazikutolewa. Lakini maneno hayakufa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa Mathari, kikimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo.

Mzee alizaliwa katika nchi ya namna hiyo, ambamo skuli ya mtoto wa Kiafrika ilikuwa ikibishaniwa na watu waliodhani wamekwisha kuona ndani ya kichwa chake. Sisemi kwamba mgeni wa karatasi ana nia ya Gordon. Nadhani alikusudia wema, na pengine yeye mwenyewe aliuziwa. Lakini njia ni ile ile: mtoto hapewi mtihani wa fizikia, wala haulizwi aliyemfundisha, linatajwa neno "ubongo", na mzazi hana la kujibu.

Alasiri tulikaa chini ya mwembe. Mzee alikuwa na gogo la mwembe pia, twiga wawili walio lazima wafanane kwa kuwa mnunuzi ameagiza jozi. Nilimtazama. Anapima kwa uzi, anaukunja mara mbili, mara nne, anatia alama ya makaa. Anahesabu kwa Kikamba kwa sauti ndogo. Kisha tezo inashuka, na shingo inatoka katika mti kama ilikuwa ikingoja humo. Uzi na hesabu, jicho na mkono, vyote kwa pamoja, na kati ya hayo ananisimulia habari za Changamwe. Mjukuu alimshikia gogo, akamwambia mguu wa nyuma wa twiga wa pili umepungua unene wa kidole. Mzee akapima. Ulikuwa umepungua.

Usiku kijana alileta karatasi nyingine, ya kuchagua mkondo. Mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa patupu. Mzee aliniomba nimsomee majina ya masomo yote, moja moja, na kila moja alimgeukia mjukuu na kumwuliza linafundisha nini. Tulifika fizikia karibu saa nne, na hapo maelezo yakawa marefu.