Wiki Moja Darasani na Watoto wa Wafanyakazi



Wengi wetu hutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurudi watoto wamekwisha kulala. Tukimuuliza mtoto, "Umejifunza nini?" hujibu, "Tumesoma," nasi huridhika. Muhula wa pili, sisi wa kamati ya tawi tuliona hilo halitoshi. Tulimwomba mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ya serikali, karibu na eneo la viwanda la Kampala, aturuhusu kukaa madarasani wiki nzima. Alikubali. Tukapokezana: waliotoka zamu ya usiku waliingia asubuhi, na waliopata mapumziko walikuja mchana.

Jumatatu tulianza na darasa la kwanza. Dawati la watoto watatu lilikuwa na watano. Msongamano huu si wa jana. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza Januari 1997, wanafunzi wa shule za msingi nchini walipanda kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na ujenzi wa madarasa haukwenda kwa kasi hiyo. Hata hivyo mwalimu yule alipita dawati kwa dawati, na kila mtoto alisoma neno moja ubaoni. Katika darasa la tatu, mtoto ambaye kwao husemwa Kilugbara alisimama akasoma hadithi nzima ya Kiganda bila kukwama. Wenzake wakampigia makofi.

Jumanne tuliingia darasa la sita, kipindi cha hesabu. Somo lilikuwa asilimia, na mwalimu aliandika hivi: mfanyakazi analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi, anakatwa asilimia 5 ya NSSF, na mwajiri anaongeza asilimia 10. Je, kila mwezi akiba yake inaongezeka kwa kiasi gani? Mikono ikapanda. Mfanyakazi anatoa 15,000, mwajiri 30,000, jumla 45,000. Msichana mmoja wa dawati la mbele akauliza kama na mama yake hukatwa hivyo.

Jumatano asubuhi alirudi na karatasi ya mshahara wa mama yake. Alikuwa ameipigia hesabu nyumbani, na imetoka sawasawa. Akatuambia kuwa mama yake siku zote alidhani pesa zile zikikatwa ndiyo zimekwenda, wala hakujua kuwa kuna fungu la mwajiri. Ndugu, mama huyo ni mwanachama wetu. Amehudhuria semina zetu mbili. Lakini aliyemfahamisha ni binti yake wa darasa la sita.

Siku hiyo hiyo tulihudhuria kipindi cha Kiswahili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza lugha hii iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wazee wengi wa Kampala waliijua kama lugha ya kambi za askari. Sisi tunaijua pia kama lugha ambayo mtu wa kaskazini na mtu wa magharibi huitumia wakiwa kwenye mashine moja. Mwalimu alituomba tutaje majina ya vifaa vyetu: nyundo, spana, bisibisi, tupa. Watoto waliyaandika yote, kisha wakatuuliza kila kimoja kinafanya kazi gani. Kipindi kikatuishia midomoni.

Alhamisi ndiyo siku iliyotuuma. Kengele ya mchana ilipolia, watoto waliolipiwa chakula walipanga mstari wa posho na maharagwe. Wengine walikwenda kukaa chini ya mwembe, na miongoni mwao alikuwa yule msichana wa asilimia. Saa nane alikuwa amelaza kichwa juu ya daftari. Mwalimu hakumwamsha. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inakataza kutoza ada katika shule za mpango huu, lakini chakula cha mtoto imekiweka mikononi mwa mzazi. Kwa hiyo hapa hatuna wa kumtupia lawama kabla ya kujitazama wenyewe.

Ijumaa darasa la saba walirudishiwa majaribio. Mvulana mmoja, mrefu kupita wote, alikuwa amepanda kutoka alama 31 za hesabu hadi 68. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, alianza kuuza maji vichochoroni. Zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022, hakurudi. Alirudi mwaka mmoja baadaye, mama yake alipomshika mkono akamleta mwenyewe. Novemba anaingia katika mtihani wa mwisho wa masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Alilikunja jaribio lake vizuri akalitia mfukoni mwa shati.

Kamati imekaa na kuamua mambo matatu. Kwanza, kila Jumapili mzazi afungue daftari la mtoto. Asiyejua kusoma amwambie mtoto asome kwa sauti, yeye asikilize. Pili, tawi litaanzisha changizo la unga na maharagwe kwa watoto wa wanachama, kila mtu kwa uwezo wake, na hesabu zitabandikwa ubaoni kila mwezi. Tatu, katika mazungumzo yajayo na mwajiri tutadai ruhusa ya nusu siku, bila kukatwa mshahara, kwa mzazi anayeitwa na shule. Wenzetu wa mashamba ya chai na miwa tunawaomba wafanye vivyo hivyo katika matawi yao.

Tunadai mshahara bora ili watoto wetu waishi vizuri kuliko sisi. Basi tusikubali mtoto aliyejua hesabu ya Jumanne alale njaa juu ya daftari siku ya Alhamisi.

Umoja ni nguvu.