Neno "Sori": Uchungu wa Msemaji na Haki ya Aliyekosewa (Sehemu ya Kwanza)

Kwenye mwalo wa Rumonge, mvuvi akiteleza wakati wa kushusha ndagala, wenzake humwambia "pole". Siku hizi wapo pia wanaomwambia "sori". Mchukuzi mwenye bidoni ya mawese begani akimkanyaga mtu, naye husema "sori" hiyohiyo. Wale wa kwanza hawakukosa lolote; huyu wa pili amekosa. Kiingereza kimepata nafasi kubwa zaidi nchini tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 sheria ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Neno hili basi limekuja kukaa, na yafaa tulijue vizuri. Hoja ya makala hii ni kwamba "sori" ni neno la kueleza uchungu, si neno la kuomba, na anayelitumia mahali pa kuomba huacha deni lake palepale lilipokuwa.

Tuanze na asili. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, neno hili lilikuwa "sarig", maana yake mwenye maumivu, aliyejaa huzuni. Lilitokana na "sar", yaani maumivu au kidonda, neno ambalo leo ni "sore". Kijerumani kina ndugu yake, "sehr", ambalo zamani lilihusu maumivu na sasa limebaki kumaanisha "sana". Wengi hudhani kwamba "sorry" ni mtoto wa "sorrow", yaani huzuni. Sivyo: hayo ni maneno ya koo mbili, yaliyokaa pamoja muda mrefu hata yakafanana sura. Kulisema peke yake, kama tamko la kukiri kosa, ni desturi iliyojitokeza katika karne ya 19. Kwa muda mrefu kabla ya hapo lilikuwa neno la mtu anayeumia.

Kwa hiyo tuna jibu kwa wanaowacheka Waafrika Mashariki kwa kumwambia "sori" mtu aliyejikwaa mwenyewe. Huuliza: mbona unaomba radhi kwa kosa usilolitenda? Lakini msemaji huyo haombi radhi. Anamjulisha mwenzake kwamba maumivu yake yamemfikia, na hiyo ndiyo maana kongwe ya neno katika Kiingereza chenyewe, maana ambayo Waingereza bado huitumia msibani. Kirundi nacho kinaonyesha kwamba fikra hii si ngeni kando ya ziwa letu: kubabara ni kuumia, kubabarira ni kusamehe, na anayesema "mbabarira" kwa asili anasema "umia kwa ajili yangu". Ila tuangalie tofauti iliyopo. Mwenye "sori" anasema: mimi naumia. Mwenye "mbabarira" anamgeukia aliyekosewa na kumwomba abebe kitu. Ndani ya "mbabarira" wamo watu wawili. Ndani ya "sori" yumo mmoja.

Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili, na ushahidi uko katika majibu. Anayeambiwa "pole" hujibu "asante", kwa sababu amepewa kitu. Anayeambiwa "samahani" hujibu "bila samahani" au "yamekwisha", kwa sababu ameombwa kitu, na ni juu yake kukitoa au kukizuia. Anayeambiwa "sori" ajibu lipi? Msomaji ataweza kupinga kwamba "samahani" nalo limechakaa, maana twalitumia hata kuomba njia sokoni. Ni kweli, lakini hata hapo limebaki ombi: tunaomba nafasi ambayo ni ya mwingine. Mwingine atasema kwamba maana ya neno ni matumizi ya leo, si mizizi yake, na Mwingereza wa leo hukiri kosa kwa neno hilo. Nakubali, kwa makosa madogo. Kosa likiwa zito, tofauti kati ya kueleza huzuni na kuomba msamaha hurudi na nguvu zake zote.

Mwaka 2023 tofauti hiyo ilionekana ndani ya siku mbili. Tarehe 31 Oktoba, jijini Nairobi, Mfalme Charles wa Tatu aliutaja ukatili waliotendewa Wakenya waliopigania uhuru. Alieleza huzuni na majuto makubwa, lakini hakuomba msamaha. Kesho yake, mjini Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliwaomba msamaha wazao wa waliouawa katika vita vya Majimaji. Ubelgiji imepita njia zote mbili. Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni kwa ajili ya watoto machotara walioondolewa kwa mama zao Kongo, Rwanda na Burundi. Mwaka uliofuata, Mfalme Philippe alipomwandikia Rais wa Kongo, alitaja majuto tu. Majuto humalizika kwa msemaji. Ombi la msamaha humpa aliyekosewa haki ya kujibu, na pengine ya kukataa.

Rumonge ina sababu yake ya kulijali jambo hili. Ni huku, na Nyanza-Lac, ndiko machafuko ya Aprili 1972 yalikoanzia. Wengi walikimbilia Tanzania, na waliporudi miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Neno tunalolitumia kwa kazi ya kuishi pamoja tena, maridhiano, limezaliwa na "radhi": huyu awe radhi kwa yule, na yule kwa huyu. Hayo hayatimii kwa mmoja kueleza uchungu wake na kwenda zake. Mvuvi aliyeteleza aambiwe "sori", hakuna ubaya. Lakini mchukuzi aliyemkanyaga mtu, na zaidi yake yule mwenye kosa na jirani juu ya mpaka wa shamba, aseme "nisamehe", kisha asimame asubiri jibu.

Wiki ijayo tutalitazama neno "pardon", lililotufikia kwa njia ya Kifaransa.