Mzee Majuto: Tulicheka Sote, Jasho Alikula Nani?

GATUMBA – Usiku wa Jumatano, tarehe 8 Agosti 2018, habari ilivuka mpaka ikatufikia hapa Gatumba kabla hatujalala: Mzee Majuto amefariki dunia katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 70. Kesho yake alfajiri, pale tunaposubiri magari ya kwenda mjini Bujumbura, watu wa zamu ya asubuhi hawakuzungumza habari za mshahara wala bei ya unga. Kila mmoja alikuwa na sinema yake moja ya Mzee ya kusimulia, na kila aliyesimulia alianza kwa huzuni akamaliza kwa kicheko.

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kuandika habari za mikutano ya chama, za mishahara na za ajali kazini. Leo tunaandika habari za mchekeshaji. Usidhani tumepotea njia. Ukisoma hadi mwisho utaona kwamba habari yake na habari yetu ni moja.

MTOTO WA TANGA

Jina lake hasa lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa Tanga, pwani ya Tanzania, mwaka 1948. Alianza kuigiza mwaka 1958, akiwa bado mtoto mdogo. Hebu hesabu mwenyewe: toka mwaka huo mpaka alipofariki ni miaka sitini. Ni wafanyakazi wangapi tunaowajua waliofanya kazi moja kwa miaka sitini?

Siku hizo kazi yake ilikuwa ya jukwaani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo mwigizaji alitegemea miguu yake na sauti yake. Alikwenda mahali watu walipo, akasimama mbele yao, na kama hawakucheka alijua papo hapo kwamba siku hiyo kazi imeharibika. Kanda za video zilipoingia, yeye alikuwa mmoja wa wachekeshaji wa kwanza kutia michezo yao humo. Baadaye zikaja sinema za video za Dar es Salaam, ambazo watu huziita za Bongo, na jina la King Majuto likaenea mahali pote panaposemwa Kiswahili.

Kwetu zilifika kwa njia nyingi. Nyingine zilipanda meli Kigoma zikashukia bandari ya Bujumbura. Nyingine zilikuja kwa lori. Nyingine zilizunguka Uvira, zikapita mpakani ndani ya mfuko wa mchuuzi pamoja na vitenge na sabuni. Hapa Gatumba walizitazama wavuvi wa ziwa, wakulima wa mpunga wa bonde la Rusizi, wapakizi wa mizigo na vijana wa viwandani. Wapo wenzetu walioshuka kutoka milimani kutafuta kazi bila kujua neno la Kiswahili zaidi ya salamu. Waliosomea lugha hii darasani ni wachache. Wengi mwalimu wao alikuwa Mzee Majuto, na ndiyo maana mpaka leo utamsikia Mrundi wa Gatumba akigomba kwa lafudhi ya Tanga.

Alichekesha kwa nini? Kwa sababu tulimjua yule aliyemwigiza. Alikuwa baba mkali anayefunga funguo za stoo ya chakula kiunoni. Alikuwa mzee mwenye tamaa anayewakataza vijana jambo ambalo yeye mwenyewe analifanya gizani. Alikuwa mtu wa shamba aliyefika mjini akadhani kila mtu ni mwizi, kisha akaibiwa na yule aliyemwamini. Alikasirika haraka, akasema mfululizo bila kumeza mate, halafu ghafla akanyamaza na kutazama tu. Pale aliponyamaza ndipo watu walipoanguka kwa kicheko. Kijana Sharo Milionea, aliyecheza naye mara nyingi, alikuwa akijidai mtoto wa mjini, na Mzee akimrudisha chini kwa neno moja. Sharo alitangulia: alifariki kwa ajali ya gari huko Muheza, Tanga, Novemba 2012.

USIKU WA BANDA LA VIDEO

Alhamisi tarehe 9 Agosti, Dar es Salaam waliuaga mwili wake katika ukumbi wa Karimjee, na Rais John Magufuli alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Kisha akapelekwa kwao Tanga kuzikwa. Sisi hatukuwa na nauli ya Tanga. Tulikuwa na banda la video.

Banda hilo lilikuwa la mabati na magunia, upande wa chini kuelekea mtoni. Mwenyewe alitoza faranga mia kwa kila sinema, lakini usiku ule alitangaza kwamba hakuna kiingilio. Tulijaa mpaka nje. Akina mama wapepetaji mchele walikaa mbele na watoto wao, wapakizi wa mpakani wakasimama nyuma, na mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha nguo akapewa kiti peke yake. Sinema ya kwanza ilipoanza na uso wa Mzee ukatokea, banda lote lilikuwa kimya kama kwenye matanga. Kimya hicho hakikumaliza hata dakika tano. Mzee aligomba na mkwe wake, mama mmoja akashindwa kujizuia, na kutoka hapo tulicheka mpaka machozi, wala hakuna aliyeweza kusema machozi yale yalikuwa ya nini.

Baada ya sinema ya pili mwenye banda alizima mashine ipumzike. Ndipo kijana mmoja wa kiwanda cha sabuni akauliza swali. Aliuliza kwa heshima, wala hakutaka ugomvi. Alitaka kujua: katika faranga mia zetu za miaka yote hii, Mzee alipata ngapi?

Mwenye banda hakuficha. Alisema hakupata hata moja. Diski zake zote zilikuwa za kunakiliwa. Alizinunua sokoni kwa bei rahisi kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu aliyenakili. Na sisi tuliokuwa na mashine nyumbani tulitazamana, maana diski zetu zilitoka mahali palepale.

Hapo kicheko kilikwisha.

KAZI NI KAZI, MKATABA NI MKATABA

Nimelifikiria swali la kijana yule miaka yote hii. Lakini ni lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu faranga zetu ni sehemu tu ya habari.

Sinema nyingi za aina hii ziliuzwa hivi: mtengenezaji alikwenda kwa msambazaji, akauza sinema kwa bei ya jumla, mara moja. Mwigizaji akapewa fungu lake, mara moja. Kutoka siku hiyo, ziuzwe nakala mia au laki, yeye hana lake tena. Mfanyakazi wa shamba anaijua hesabu hii. Ni ile ya kibarua anayelipwa kwa siku ya kuchuma, halafu mazao yakipanda bei jina lake halimo mahali popote. Tofauti ni kwamba pamba ikishauzwa imekwenda, lakini sinema inauzwa tena kesho, na keshokutwa, hata baada ya mwenye uso ule kuzikwa.

Mwaka 2018 Mzee Majuto aliugua sana. Alisumbuliwa na tezi dume. Watu walichanga, serikali ikatia mkono, akapelekwa India kutibiwa, akarudi, kisha akalazwa tena Muhimbili. Ugonjwa wake uliwafumbua watu macho. Waliuliza: mtu ambaye uso wake unauza bidhaa kwenye matangazo na sinema zake zimejaa kila soko, imekuwaje achangiwe dawa? Mwaka huohuo waziri aliyesimamia sanaa Tanzania, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii, na mikataba ya Mzee Majuto ilikuwa miongoni mwa iliyoangaliwa. Sheria ya hakimiliki Tanzania walikuwa nayo tangu mwaka 1999, na taasisi ya kuisimamia, COSOTA. Burundi nasi tunayo sheria yetu ya mwaka 2005. Lakini sheria iliyo kabatini haimlishi mtu. Inamlisha yule anayeijua na aliye na wenzake wa kusimama naye.

Wala hakuwa peke yake. Mzee Small, yaani Said Ngamba, mchekeshaji mwingine mkongwe wa Tanzania, alifariki Juni 2014 baada ya kuugua muda mrefu. Kule Kenya, Mzee Ojwang, ambaye jina lake hasa ni Benson Wanjau, aliwachekesha watu kwa miaka mingi katika mchezo wa Vitimbi. Mwaka 2012 ilibidi wapenzi wake wachange fedha ili macho yake yatibiwe, na Julai 2015 akafariki. Michango ile ni jambo jema, maana akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini mchango ni huruma, na mfanyakazi hastahili kumalizia uzee wake akitegemea huruma. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawa wazee walichumia juani. Kivulini walikaa wengine.

TUNAJIFUNZA NINI

Mzee wa kiwanda cha nguo, yule aliyepewa kiti, alisema usiku ule jambo ambalo wengi hatukulitazamia. Alisema tusimhurumie Majuto peke yake, bali kila mmoja arudi nyumbani atazame karatasi zake mwenyewe. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka mingi kabla hajagundua kwamba miezi kadhaa ya makato yake haikuandikwa popote. Chama kilimsaidia kuidai. Bila chama, alisema, angekuwa naye anasubiri mchango.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, tukimkumbuka Mzee tufanye mambo matatu. Kwanza, usitie sahihi wala dole gumba kwenye mkataba ambao hujasomewa kwa lugha unayoielewa, na ukishatia, dai nakala yako. Pili, kata ya INSS inayoonekana kwenye karatasi yako ya mshahara uiulizie kama kweli imefika INSS. Usingoje uzee ndipo uulize. Tatu, tuache kujidanganya kwamba kununua kilichoibwa si kuiba kwa sababu sisi ni maskini. Mwigizaji naye ni mvuja jasho. Siku tunapoweza kununua halali, tununue halali. Siku tusipoweza, tusijisifu.

Najua lile la tatu ni gumu. Diski halali hapa Gatumba ilikuwa shida kuipata hata kwa mwenye pesa, na mwenye banda alikuwa na watoto wa kulisha kama sisi. Simlaumu kuliko ninavyojilaumu. Nalisema kwa sababu kijana alikwisha kuuliza, na swali likishaulizwa mbele ya watu halirudi mfukoni.

Banda lile halipo tena. Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, maji yaliingia nyumba kwa nyumba upande ule, yakachukua mabati, magunia na sanduku la diski. Siku hizi vijana wanamtazama Mzee kwenye simu zao, wakipeana kutoka mkono hadi mkono. Juzi niliona watatu wameinama juu ya simu moja, wakati wa kula, wakiwa na viazi vitamu na ndagala. Mzee alikuwa akigomba na mkwe wake. Mmoja wao alikuwa mtoto mchanga wakati Mzee anafariki. Alicheka palepale ambapo sisi tulicheka, pale aliponyamaza.

Buriani, Mzee Majuto. Kazi uliyoifanya bado inafanya kazi. Mungu akulaze mahali pema.