Vipimo vya Dawa Visichakachuliwe

Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye boksi la dawa haikisiwi. Kiwanda huweka sampuli kwenye kabati maalumu lenye joto na unyevu unaodhibitiwa, kisha huzipima kila baada ya miezi kadhaa kuona kama dawa ingali na nguvu yake. Matokeo hayo hupelekwa kwa mamlaka ya dawa. Mgonjwa hayaoni, hata mwenye duka la dawa hayaoni.

Mei 2013, tawi la Marekani la kampuni ya Ranbaxy ya India lilikiri makosa ya jinai, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 500. Ilikiriwa kwamba baadhi ya vipimo vilivyopaswa kupishana kwa miezi vilifanywa siku moja au ndani ya siku chache, na sampuli nyingine zilikaa kwenye jokofu kwa muda usiojulikana zikisubiri kupimwa. Sampuli iliyokaa kwenye baridi itatuambia nini kuhusu dawa itakayokaa dukani kwenye nyuzijoto 30? Uovu huo ulifichuliwa na Dinesh Thakur, aliyewahi kuifanyia kazi kampuni hiyo.

Siku hizi mashine ya maabara inaweza kuandika yenyewe nani kapima, lini, na nini kimebadilishwa. Ukirekebisha 98.2 kuwa 99.2, ile ya kwanza inabaki ikisomeka, pamoja na jina lako, saa na sababu. Juu yake huongezwa heshi, hesabu inayogeuza faili zima kuwa mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Kwa njia ya heshi iitwayo SHA-256, mfuatano huo huwa na herufi na tarakimu 64. Gusa nambari moja tu, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Rekodi ya leo ikibeba heshi ya jana, mwenye kuchakachua ya jana itambidi aandike upya zote zilizofuata.

Na ataziandika, kama funguo zote ziko mkononi mwake. Kwa hiyo nakala ya heshi itunzwe nje ya maabara, na mpimaji asiwe na ruhusa ya kugusa saa ya kompyuta. Hata hivyo, heshi haijui kama sampuli ilifichwa kwenye jokofu. Hilo linamhitaji mkaguzi anayefungua milango bila kutoa taarifa.

Mamlaka zetu za dawa zisiridhike na majedwali yaliyopangwa vizuri. Zidai faili ghafi kutoka kwenye mashine, pamoja na historia yote ya marekebisho.