Unataka Nduthi ya Safari Ndefu? Kabla Utoe Doo, Ilaze Chini Kwanza

Msee, najua venye hii kitu huanza. Jumapili jioni uko kwa keja, unaona video ya mtu anakata jangwa na nduthi kubwa iko na masanduku ya bati kila upande, na roho inakuambia: mimi pia lazima.

Miezi michache baadaye umeweka doo kwa Sacco na kichwa imeshaamua. Lazima iwe cc 1000 kwenda juu. Lazima iwe ile wasee wa mtaa wataizunguka wakipiga picha. Nai mpaka Cape Town, bila stori mob.

Tulia kidogo. Hiyo doo ni jasho lako na hakuna mtu atakurudishia. Wacha nikuambie kwanza kenye kilinipata.

Siku nilijua mimi ni mtu mdogo

Mwaka juzi beshte yangu aliniazima nduthi yake ya cc 1200. Jina la kampuni halihusu, kosa lilikuwa langu. Kutoka Isiolo mpaka Marsabit nilikuwa mfalme. Hiyo barabara zamani ilikuwa mawe na vumbi ya kutingisha meno, lakini siku hizi ni lami mpaka Moyale. Marsabit nikajaza tangi, nikaacha lami, nikaelekea Kargi. Nilikuwa nalenga Loiyangalani, kule Ziwa Turkana.

Kabla ya Kargi nikaingia mchanga. Gurudumu la mbele likazama, nduthi ikalala. Mimi sikuumia. Nilicheka hata, nikapiga selfie. Kisha nikajaribu kuiinua.

Haikusonga. Nduthi peke yake ilikuwa karibu kilo 250, na juu yake nilikuwa nimefunga mizigo kama kilo 40. Nikajaribu mara ya pili, ya tatu. Mara ya nne mgongo ukasema imetosha. Netiwaki hakuna. Maji ilibaki lita moja na nusu. Jua la saa sita. Hapo ndio nilielewa kwamba mtu anaweza kufa kando ya nduthi nzima kabisa, haina shida yoyote, na imejaa mafuta.

Baada ya karibu masaa matatu wakatokea wachungaji wawili Warendille na ngamia zao. Tukaiinua tukiwa watatu. Yule mzee hakunicheka. Aliniuliza tu, pole pole, nani alipakia hiyo mizigo. Akaniambia ngamia hupakiwa akiwa amepiga magoti, halafu unamwangalia kama atasimama. Akishindwa, unapunguza. Hakuna mtu huanza safari na mnyama ambaye hawezi kusimama.

Hiyo ndio sheria yangu ya kwanza mpaka leo.

Anza na kilo, si cc

Angalia uzito wa nduthi ikiwa na mafuta, kabla uweke hata soksi. BMW R 1250 GS ni kama kilo 249. Honda Africa Twin ya 1100 ni kama 226. Yamaha Ténéré 700 ni kama 204. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 iko kwa 199. Suzuki DR650 ni 166. Honda CRF300 Rally ni kama 153. Na ile Boxer 150 ya stage ya kwenu iko kwa 120 hivi.

Sasa ongeza hema, maji, spana, nguo na dishi. Kilo 30 ama 40 huisha haraka sana.

Kuna njia ya kuinua nduthi kubwa, na kama utasafiri lazima uijue. Zima injini. Kama imelala upande wa kulia, toa stendi kwanza, ndio isikupite ikaanguke upande wa pili. Kama imelala kushoto, weka gia ndio magurudumu yasiteleze. Kata usukani mpaka mwisho, ipe mgongo, chuchumaa. Mkono mmoja kwa usukani, mwingine kwa fremu huko nyuma. Kisha tembea kinyumenyume, hatua ndogo ndogo. Nguvu itoke kwa miguu, mgongo ukae wima.

Kwa lami kavu inafanya. Kwa mchanga, baada ya kuanguka mara ya tano na umechoka, hapo ndio utajua kama ulinunua nduthi ama ulinunua mzigo.

Hesabu ya tangi

Wengi hudhani nduthi kubwa ndio huenda mbali kabla ya kuongeza mafuta. Piga hesabu mwenyewe: lita za tangi mara kilomita kwa kila lita.

Ile R 1250 GS ya kawaida iko na tangi ya lita 20, na inaenda kama kilomita 20 kwa lita. Hiyo ni 400. Himalayan 411 ina lita 15, na ikienda 30 kwa lita ni 450. Boxer ina kama lita 11, na hata ikiwa na mzigo ikienda 40 kwa lita, ni 440. Umeona? Zote zinafika karibu mahali pamoja. Tofauti ni kwamba mmoja amelipia lita 20 na mwingine 11.

Kwa njia za huku kwetu, nduthi yenye inafika kilomita 350 bila kuongeza mafuta iko sawa. Lakini kumbuka kwa mchanga na upepo inakunywa zaidi, kwa hivyo toa robo kwa kila hesabu. Na ukifika mahali mafuta inauzwa kwa chupa ama jerikeni, huwezi jua imechanganywa na nini. Injini isiyo na presha nyingi huvumilia hiyo uchafu. Injini kali ya mbio itakuanzia vita hapo hapo.

Ikikufa North Horr, nani ataitengeneza?

Kenya, Uganda, Tanzania, kila kasenta kako na fundi wa boda. Huyo msee anafungua kabureta akiwa amefunga macho. Ako na cheni, plagi, tyubu na waya ya klachi. Ukimletea nduthi yenye kompyuta na sensa kila kona, ataizunguka mara mbili kisha akuonee huruma.

Sisemi nduthi za kompyuta huharibika ovyo. La hasha. Mara nyingi huenda miaka bila shida. Noma ni ile siku moja, mahali pabaya, unahitaji mashine ya kuisoma na hiyo mashine iko Nai.

Hata wenye doo hujifunza hivyo. Mwaka 2004 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka London hadi New York na BMW kubwa, wakiwa na gari za kuwasaidia. Walifika, na hizo nduthi zilijituma. Lakini Mongolia, BMW ya mpiga kamera wao iliharibika, na akanunuliwa nduthi ndogo ya Kirusi ndio asonge mbele. Wewe hutakuwa na bajeti ya kununua nduthi ya pili katikati ya safari.

Kwa hivyo kabla ulipe, fanya hivi: enda Kirinyaga Road, uliza bei ya vitu vinne vya hiyo nduthi. Pedi za breki, sahani za klachi, cheni na sproketi zake, na filta ya oili. Ukiambiwa viagizwe kutoka nje na ungoje wiki tatu, ongeza hizo wiki tatu kwa mpango wako wa safari.

Magurudumu na kimo chako

Gurudumu la mbele la inchi 21 linapanda juu ya mawe na mashimo poa kuliko la 17. La 19 liko katikati, lami na murram linaweza. Rimu za spoki hupinda lakini fundi huzinyoosha. Rimu za kumwagwa zikipasuka, stori imeisha.

Ujanja wa bure: kama nduthi yako ni 21 mbele na 18 nyuma, beba tyubu moja ya 21. Ikibidi, hiyo ya mbele unaweza kuisukuma nyuma ikufikishe mji.

Kiti nacho, usidanganywe na picha. Himalayan 411 iko na kiti cha milimita 800, na wengi wetu tunafika chini. CRF300 Rally iko kwa 885. Kama wewe ni mfupi, bado inawezekana, lakini panda ukiwa na mizigo yote kabla uamue. Yule Mholanzi wa Itchy Boots, Noraly, aliteremka Afrika mpaka Afrika Kusini na hiyo CRF300 Rally, injini ya cc 286. Hakuna mtu alimuuliza cc zingine ziko wapi.

Lakini ndogo pia iko na ngori zake

Nisikudanganye ati Boxer inamaliza kila kitu. Karibu na Loiyangalani kuna mitambo 365 ya kutengeneza stima kwa upepo, na haikuwekwa pale kwa mapambo. Upepo wa huko unakusukuma kando ukiwa na nduthi nyepesi. Na kwa barabara kuu, ukienda 70 na trela iko nyuma yako inataka 90, hiyo ni hatari ya kila dakika.

Kwa hivyo angalia njia yako. Nai hadi Cape Town kupitia Tanzania na Zambia unaweza kukaa kwa lami karibu safari yote. Kama hiyo ndio mpango, na umebeba mtu nyuma, nduthi ya cc 650 kwenda juu ina maana. Kama ni Turkana, Chalbi na njia za mawe, na uko solo, kaa kati ya cc 250 na 450. Kama doo ni ya Boxer, enda na Boxer, lakini tumia njia ndogo na usikimbizane na trela.

Makaratasi pia huchagua nduthi

Kama umeichukua kwa mkopo, logbook si yako peke yako. Mpakani utaulizwa barua ya mwenye deni, kwa hivyo itafute mapema. Bima ya Yellow Card ya COMESA inakufunika nchi nyingi za huku, hadi Tanzania. Ukitaka kwenda mbali kama Misri, utahitaji carnet, ile pasipoti ya gari, na unaweka dhamana kulingana na bei ya nduthi. Ghali zaidi, dhamana kubwa zaidi. Hakuna mtu hukuambia hiyo kwa video.

Na doo yote isiishe kwa nduthi. Kama uko na laki nne, mimi ningeweka laki mbili na nusu kwa nduthi, halafu kofia ya maana, buti na jaketi, kisha inayobaki ni mafuta, dishi na dharura. Ukifika Moyale na nduthi kali lakini umesota, utarudi nyumbani na basi.

Mtihani wa mwisho

Ukienda kuiona, beba begi lako likiwa limejaa. Lifunge kwa nduthi. Muombe mwenye nduthi mtafute nyasi, muilaze chini taratibu. Kisha muambie akae kando.

Iinue peke yako. Pumzika, iinue tena. Kisha mara ya tatu.

Ukiweza, toa doo. Ukishindwa, mshukuru, fungua begi lako, na uende ukatafute yenye mtasimama nayo.